Mama anasahau sufuria motoni. Nimpeleke makao ya wazee?

Shangazi, salamu nyingi kutoka Nakuru.

Nimesoma majibu yako miaka mingi bila kudhani siku moja na mimi nitashika kalamu. Naomba unisikilize.

Mama yangu ana miaka 79. Anaishi kwetu Maragoli, kaunti ya Vihiga, na baba alitutoka mwaka wa 2016. Mwanzoni hakuwa peke yake hasa. Wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pili, alikuwa boma hilo hilo. Yeye ndiye aliyemfulia, akampikia, akampeleka kliniki ya presha. Mwaka jana kaka alipata nyumba Eldoret, watoto wakahamia shule za huko, na wifi akafuata familia yake. Simlaumu hata kidogo. Sasa kuna kijana wa kuangalia ng'ombe, na jirani anayechungulia asubuhi akipita kwenda sokoni.

Mwezi wa Aprili mama aliteleza akienda choo cha nje alfajiri. Alilala pale kwenye umande hadi jirani alipopita saa tatu. Hakuvunjika mfupa, lakini tangu siku hiyo anatembea akishika ukuta. Mwezi wa Juni aliinjika maharagwe, akavaa nguo zake za kanisa, akaenda ibada. Moshi ndio ulioita majirani. Ile sufuria niliyomnunulia Krismasi ilitoboka chini kabisa, naye ameigeuza kiota. Kuku anatagia humo. Siku hizi akinipigia simu huniuliza kama baba ameshafika Nakuru.

Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa yuko Nairobi, wa pili Eldoret, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru, na kitindamimba wetu anafanya kazi Doha. Mimi naishi Free Area, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na mume na watoto watatu. Likizo ya Agosti nilimleta mama. Siku ya tatu tulimkuta barabarani akiuliza watu njia ya Chavakali. Shule zilipofunguliwa ikabidi tumfungie mlango tukitoka. Akaniambia, "Mmenifunga kama mbuzi wa Krismasi." Nikamrudisha nyumbani wiki hiyo hiyo.

Kitindamimba ndiye aliyetaja makao ya wazee. Nimetembelea mawili. La kwanza liko nje kidogo ya Nakuru, dakika ishirini kutoka kwangu: vigae vinang'aa, televisheni kubwa, bustani ya maua, kila mzee na chumba chake. Shilingi 60,000 kwa mwezi. La pili liko upande wa Kisumu, barabara ya kwenda Kakamega, na linaendeshwa na kanisa. Majengo ni ya zamani, wazee wanne chumba kimoja. Shilingi 32,000. Nilipofika nilikuta wamama watatu wameketi chini ya mwembe wakichambua mboga za mrere na mfanyakazi mmoja, wanacheka. Lakini kutoka kwangu ni saa nne kwa matatu.

Kaka mkubwa amesema katika kundi letu la WhatsApp: "Mama yangu hatatupwa nikiwa hai." Yeye huja nyumbani Krismasi na mazishi. Mama mwenyewe hatujamwambia lolote. Nimwambieje, na nichague lipi? Silali, Shangazi.

Mwalimu, Nakuru

---

Mwanangu mwalimu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye sufuria. Mama aliyeunguza sufuria akaipatia kuku bado ana akili ya kupanga nyumba yake. Weka hilo moyoni, kwa sababu wengi wakishaanza kutafuta makao humzungumzia mzee kana kwamba ameshaondoka.

Kabla ya makao, daktari. Umenitajia kliniki ya presha, na najua kliniki za presha zilivyo: foleni, mashine mkononi, vidonge, rudi mwezi ujao. Hakuna pale anayeuliza kuhusu kusahau. Na kusahau kwa mzee si lazima kuwe ule ugonjwa tunaouogopa sote. Upungufu wa vitamini B12 humsahaulisha mtu. Tezi ya shingo ikilegea, vilevile. Huzuni ya mjane aliyebaki na ng'ombe na kimya, vilevile. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili kwa siku chache tu, hata bila homa. Yote hayo yana tiba. Mpelekeni apimwe damu na mkojo, na mbebe dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba na za kununua dukani bila karatasi, maana dawa nazo hugombana. Mkitoka hapo, macho. Mtu anayeteleza alfajiri huenda ana mtoto wa jicho, nanyi mna hospitali ya macho pale Sabatia, ndani ya Vihiga yenyewe. Ikibainika ni dimenshia, yaani ule ugonjwa wenyewe wa kusahau, basi mtajua mnaongozana na nini, na makao yoyote yaliyo makini yatawauliza swali hilo siku ya kwanza.

Sasa kaka mkubwa. Usibishane naye kuhusu neno "kutupa". Neno hilo halina jibu, ni ngao. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Haikusema kutoka kwa binti anayeishi karibu. Chora karatasi yenye siku thelathini, iweke kwenye lile kundi lenu, na umwombe kwa adabu kabisa ajaze usiku ambao yeye au mtu wa kwake atalala Maragoli. Akizijaza, Mungu ambariki, habari ya makao imekwisha. Asipozijaza, karatasi itakuwa imeongea na wewe hukugombana na mtu.

Na mpigieni hesabu ya haki ile njia ya tatu pia, ya kumwacha nyumbani na watu wa kumlinda. Nasema watu, si mtu. Anayekesha na mzee anayeamka saa nane usiku kutafuta marehemu mumewe hawezi kuwa yule yule wa kuteka maji, kupika na kufua mchana. Mnahitaji wawili, na wa kushika zamu siku zao za mapumziko, na wote walipwe kama wafanyakazi, si kama jamaa waliofanyiwa hisani. Ongezeni fundi wa kujenga choo na bafu ndani ya nyumba na vyuma vya kushika ukutani. Kuna familia ambazo hesabu hii inawatokea vizuri, hasa palipo na mtu wa damu bomani wa kuwasimamia. Kwenu mtu huyo alikuwa wifi yako, naye ameenda. Sijui kama kuna aliyemshukuru. Mpigie.

Tuje kwenye yale makao mawili.

Nitakusimulia la kwangu. Mama mkwe wangu alikaa katika makao fulani miezi kumi na minne. Tulichagua kwa macho, kama ulivyokaribia kuchagua wewe. Sakafu ungejitazama usoni. Tulikuwa tukienda Jumamosi saa tano, na kila Jumamosi tulimkuta amesukwa, amepakwa mafuta, ameketi kwenye kiti cha mbele. Jumapili moja gari lilituharibikia njiani tukafika saa moja jioni. Wazee wote walikuwa wameshalazwa, kumbe chakula cha jioni hutolewa saa kumi na nusu ili zamu ya mchana imalize kazi kabla ya kwenda. Msichana mmoja, wazee kumi na tisa. Mama mkwe alikuwa amevaa sweta la mtu mwingine. Maji yake yalikuwepo, kwenye kikombe cha plastiki cha kijani, kimejaa hadi ukingoni, kimefunikwa kisahani vizuri, juu ya kabati ambalo hata mimi nililifikia kwa kunyanyua visigino. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama kitambaa. Mtu aliandika daftarini kwamba maji yametolewa, na hakusema uongo.

Tangu siku hiyo nikiingia makao ya wazee sitazami vigae. Natafuta kikombe kiko wapi.

Kwa hiyo rudi kote kuwili, bila kupiga simu, jioni. Watakaokwambia wageni ni saa nane hadi saa kumi tu, waulize kwa upole ni nini hutokea saa kumi na moja. Uliza usiku wanabaki wangapi, na kati yao ni wangapi wanaokesha na wangapi "wanaolala hapa hapa". Hayo ni mambo mawili tofauti. Uliza muuguzi yuko zamu saa ngapi, na uombe kuona leseni yake ya mwaka huu kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya. Sare ya buluu inauzwa na fundi yeyote wa cherehani. Uliza mzee wa mwisho kuanguka aliangukaje, nani alipigiwa simu, na baada ya muda gani. Makao yatakayokujibu kwamba hapa hawaanguki, shika mkoba wako uondoke. Wazee huanguka kila mahali. Wanaosema hawaanguki ama hawaandiki, ama wanawafunga kwenye viti, ama wanawapa dawa za kulala, na hili la mwisho uliulize waziwazi: ni nani anaamua, na mtajulishwa?

Pua nayo ina kazi. Harufu ya mkojo saa mbili asubuhi isikutishe, watu ndio wanaamka. Ile ya saa tisa alasiri, iliyokwisha kuingia kwenye godoro, ndiyo yenye habari. Na harufu kali ya dawa ya sakafu nyumba nzima hunitia wasiwasi zaidi kuliko mkojo. Tazama kucha. Mwombe mzee mmoja ruhusa utazame visigino vyake, maana vidonda vya kulala hupenda kuanzia hapo na kwenye makalio, na mzee asiyeweza kujigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Kaa ule chakula chao. Usionjeshwe jikoni. Kaa mezani na wazee.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza nalo ndilo zito kwangu: lugha. Mtu akipatwa na dimenshia, mara nyingi lugha alizojifunza ukubwani ndizo zinazoaga kwanza, na ile ya mama yake hubaki. Kiswahili cha mama yako leo kiko, mwaka kesho huenda kisiwepo. Saa nane usiku atakapotaka choo atasema kwa Kimaragoli. Katika ile nyumba ya vigae ya Nakuru nani atamwelewa? Asipoeleweka atanyamaza, au atapiga kelele, na mzee anayepiga kelele usiku ndiye anayepewa kile kidonge. Wale wamama wa chini ya mwembe walikuwa wanaongea lugha gani? Wewe ulisikia kicheko, na kicheko chao kimenipa jibu nusu.

Kwa hiyo, ikiwa jioni utakayofika bila taarifa haitakukatisha tamaa, mimi nasimama upande wa Kisumu. Kutoka Maragoli ni chini ya saa moja. Majirani wanaweza kufika. Wamama wa kanisa lake wanaweza kufika. Kama ni wa Friends, wale Quaker, kama wengi kwenu tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka wa 1902, basi muulize mkuu wa makao kama wanaruhusiwa kuja kumwimbia Jumapili hata kama nyumba ni ya dhehebu jingine. Usiku akizidiwa, hospitali ya rufaa ya Jaramogi haiko mbali, ila uliza gari litakuwa la nani. Joto la Kisumu pia litamfaa mtu anayetembea akishika ukuta kuliko Julai ya Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini karibu na ziwa malaria haina likizo. Tazama kama neti zimening'inizwa na kama zina matundu.

Wanne chumba kimoja kusikuume sana. Kumbuka aliyelala kwenye umande hadi saa tatu alikuwa na nyumba nzima peke yake. Ila uliza kama kuna pazia anapobadilishwa nguo, na ni hatua ngapi kutoka kitandani hadi chooni. Zihesabu kwa miguu yako.

Najua kinachokukwama ni zile saa nne za matatu, kupita Kericho, nauli ya kwenda na kurudi. Kwamba ukichagua mbali utakuwa umemtupa kweli, kama kaka alivyosema. Lakini wewe huna nafasi ya kwenda kila siku hata hapo dakika ishirini. Una madaftari ya kusahihisha na watoto watatu. Gaweni Jumamosi: yako, ya kaka wa Eldoret, ya kaka mkubwa, na moja ya jirani yule aliyemwokota, ambaye mtamlipia nauli na chakula cha mchana. Wiki nne, watu wanne, na kila mmoja afike saa tofauti. Mzee anayetembelewa bila ratiba hutunzwa vizuri zaidi. Wahudumu ni binadamu.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Msijenge makao ya mama juu ya viza ya mtu mmoja. Kazi za Doha huisha kwa barua ya siku moja, na 60,000 zikikosa mlipaji mtamhamisha mama mara ya pili, jambo linalowavuruga wazee kuliko mara ya kwanza. Hizo 32,000 zinagawanyika: 15,000 za Doha, 7,000 za Nairobi, 5,000 za Eldoret na 5,000 zako. Kabla hamjakubali, waandike kwa mkono kisichokuwemo: pampasi za watu wazima, dawa, nauli ya hospitali, mazoezi ya viungo. Hapo ndipo 32,000 hugeuka 45,000. Waandike pia akilazwa hospitali wiki tatu mtalipia kitanda au la, na mkiondoka amana inarudi baada ya siku ngapi. Bima yake ya afya ya SHA iwe hai, lakini hiyo ni ya matibabu, ada ya makao ni ya mifuko yenu. Na kama anapokea zile 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, pesa za Serikali kwa wazee, msizitie kwenye hesabu. Mwacheni azishike mkononi, atoe sadaka, anunue sukari, ampe mjukuu hamsini.

Imebaki kumwambia. Usimdanganye kwamba mnaenda hospitali na kurudi. Nimewaona waliodanganywa. Hata aliyesahau jina la mwanawe anaweza kubaki na uchungu wa kulaghaiwa. Ongea naye asubuhi, akili ikiwa imetulia, nyumbani kwake, kwa Kimaragoli, televisheni na simu zikiwa zimezimwa. Mwambie wewe, lakini kaka mkubwa awepo ameketi, si kwenye simu. Na kabla ya kumweleza, muulize anaogopa nini. Nadhani hatakwambia chakula wala kitanda. Ataogopa kwamba mlango ukifungwa shamba litagawanywa, na kwamba hatazikwa kando ya mzee wake. Hapo ndipo kazi ya kaka mkubwa ilipo, tena ni kazi ambayo wewe huiwezi: yeye kama mwana mkubwa amwambie mbele yenu wote kwamba nyumba haifungwi, kijana wa ng'ombe anabaki, Krismasi atakuwa bomani kwake, na mahali pake kando ya baba ni pake. Akishalisema hilo kwa mdomo wake, utashangaa ile habari ya kutupwa itakavyopungua sauti. Na katika kipindi hiki chote asitiwe kidole gumba kwenye karatasi yoyote ya shamba, hata kwa nia njema.

Mwombeni akubali mwezi mmoja wa kujaribu, nanyi muuheshimu. Akisema hapana baada ya mwezi, mketi tena. Abebe kiti chake kidogo cha jikoni, leso zake, Biblia yake ya Kimaragoli, na picha ya baba ya ujanani, maana uso wa uzeeni anaweza asiutambue. Na akikuuliza tena kama baba ameshafika, usimwambie kila mara kwamba alikufa. Kwake ni msiba mpya kila mara, na wewe unamzika baba yako kila Jumapili kwenye simu. Muulize, "Ulitaka kumwambia nini?" Kisha usikilize.

Panga aingie wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba, umekwisha kusahihisha mitihani. Tafuta mahali pa kulala karibu na makao hayo usiku mbili tatu, hata kwa jamaa Kisumu. Asubuhi ya kwanza fika kabla ya chai, uketi naye chini ya ule mwembe, na kama kuna mrere wa kuchambua, mchambue pamoja.

Shangazi